Kumi na moja, mikono mitupu

Neema: Mjomba, sherehe ya Oscar ya 1986 bado imenikaa kooni. The Color Purple uteuzi 11, ikarudi bila hata tuzo moja. Out of Africa nayo 11, ikabeba 7. Si wizi huo?

Mjomba Salim: Wizi neno zito. Anzia kwa Spielberg, mwongozaji wa The Color Purple, ambaye hata kuteuliwa hakuteuliwa. Filamu bora zilikuwa tano: Out of Africa, The Color Purple, Witness, Prizzi's Honor na Kiss of the Spider Woman. Sasa soma waongozaji: Pollack, Weir, Huston, Babenco, na wa tano Kurosawa wa Ran. Wanne wamelingana na filamu zao. Kiti kilichohama ni kimoja tu.

Idi: Lakini chama cha waongozaji wa Marekani kilimtuza Spielberg mwaka uleule!

Mjomba Salim: Ndiyo, ila chama kina maelfu ya watu, wa televisheni na waongozaji wasaidizi wakiwemo. Anayeteua mwongozaji wa Oscar ni tawi la waongozaji wa Akademi, inayotoa Oscar, peke yake, kundi dogo. Wanachama wote huingia duru ya mwisho tu.

Shangazi Rehema: Mimi Kurosawa simnyang'anyi kiti. Ran yenyewe ilidhulumiwa nyumbani: Japani haikuipeleka kwenye filamu za kigeni, na wakati ule nchi ikikunyima huko, Akademi haikuwa na la kukusaidia. Ikaambulia tuzo ya mavazi, ya Emi Wada.

Neema: Kama Rafiki 2018, filamu ya Kenya iliyopigwa marufuku nyumbani. Mahakama ikasimamisha marufuku siku 7 ili ionyeshwe na itimize sharti la Oscar, Kenya ikapeleka Supa Modo.

Idi: Haya, na Whoopi Goldberg, mwigizaji mkuu wa The Color Purple?

Shangazi Rehema: Alikutana na Geraldine Page, uteuzi wa 8, saba za nyuma katoka kapa. Wapiga kura wale hulipa madeni. Kinachoniuma ni Margaret Avery na Oprah, wote wawili waigizaji wasaidizi wa filamu moja. Kila mpiga kura ana alama moja. Wapenzi wa filamu wakagawana, Anjelica Huston wa Prizzi's Honor akapita katikati.

Idi: Idadi ya kura haitangazwi, Shangazi. Hiyo ni dhana.

Shangazi Rehema: Dhana yenye miguu.

Neema: Na filamu bora je?

Mjomba Salim: Hapo ndipo kwenye tatizo. Wakati ule filamu tano, alama moja, mwenye nyingi anachukua. Asilimia 21 ingetosha kushinda, hata kama wengine wote hawakutaki. Tangu sherehe ya 2010 filamu bora hupangwa kwa namba, ya 1, ya 2, kuendelea. Chukua kura 100: A 40, B 35, C 25. Hakuna aliyevuka nusu, kwa hiyo C anatolewa na karatasi zake 25 zinasomwa namba ya 2. Zikienda 18 kwa B na 7 kwa A, B ana 53, A 47. Aliyeongoza mwanzo kashindwa. Makundi mengine yamebaki alama moja hadi leo.

Idi: Kwa hiyo ya kupendwa sana na wachache inaumia.

Mjomba Salim: Na inayochukiwa na wengi pia. Ukiiweka ya mwisho, hujaipa kitu.

Neema: Out of Africa mimi ningeiachia picha za David Watkin na muziki wa John Barry. Filamu bora, hapana. Wakikuyu wa shambani wamewekwa kama pazia la nyuma.

Shangazi Rehema: Hata simba walitolewa California 😂 Kenya nzima simba hakuna!

Idi: Mjomba, tupige kura upya hapa hapa. Zile tano, kwa namba.

Mjomba Salim: Sawa. Kila mtu apange zote tano, asiruke. Karatasi iliyoishiwa namba inatoka kwenye hesabu, halafu mnalalamika.

Shangazi Rehema: 1 The Color Purple, 2 Witness, 3 Kiss of the Spider Woman, 4 Prizzi's Honor, 5 mnaijua.

Idi: 1 Ran

Mjomba Salim: Ran haimo, Idi.