Taka zimetolewa mtoni zikawekwa UKINGONI. Huyu bwana anatuchukuliaje?

Kambare Mzee:
Wakuu, simtaji, mnamjua. Yule wa glavu nyeupe, anayekuja mto Msimbazi hapa Dar na kamera tatu na reki moja. Safari hii kazoa taka za Jangwani akazirundika ukingoni. UKINGONI! Hatua mbili kutoka kwenye maji! Lundo limekaa siku nne, bado kidogo lipewe namba ya nyumba. Jana usiku mvua moja tu, lote limerudi mtoni, tena na riba: na reki imo.

Lori linatangulia, koleo linafuata. Huo ndio utaratibu. Tope bichi sehemu kubwa ni maji, hivyo unalimwaga juu ya turubai mahali palipoinuka, linajichuja siku mbili tatu, ndipo unapakia. Kiroba cha kilo 50 ukikijaza tope bichi hakibebeki, kinapasukia njiani, nusu inatosha. Yeye kavijaza mpaka shingoni, akavipanga UKINGONI kama mahindi yanayosubiri bei.

Halafu kaleta mtambo wa kijiko kuchimbua sakafu ya mto. Lile tope jeusi la chini halina hewa. Ukilitibua linatoa harufu ya yai viza na kumaliza oksijeni kidogo iliyobaki majini. Kambare atapanda juu avute hewa apone, perege ndiyo kwaheri. Na matete kang'oa yote, eti uchafu! Mizizi ile ndiyo iliyoshika udongo. Sasa ukingo umesimama wima kama ukuta, unameguka vipande vipande, na juu ya ukingo huo huo ndipo alipoweka lundo. Hatua mbili!

Chai ya Rangi:
Mkuu, unaandika kama mtu aliyenyimwa fulana. Saizi yako ilikwisha?

Tope Bichi:
Namba ya nyumba 😂😂 Ila umesahau kosa la saa. Kule chini karibu na daraja la Selander kaanza kazi maji yakijaa, tena bamvua! Bahari inausukuma mto nyuma, chupa zinarudi zilikotoka. Pale unasubiri maji kupwa. Yeye kaokota chupa ile ile mara tatu, picha tatu.

Fundi Madumu:
Reki ya nini? Weka kizuizi kinachoelea. Madumu ya lita 20, vifuniko vikazwe, yafungwe mkono kwa mkono kwa kamba ya nailoni ya milimita 12. Chini yake ning'iniza wavu wa nusu mita, wenye vipande vya nondo vya kuuzamisha. Usikivute moja kwa moja ng'ambo hadi ng'ambo. Kilaze mshazari, maji yenyewe yatazisukuma taka upande mmoja, ule ambao lori linafika. Ncha moja ifungwe kwa fundo la kufunguka haraka: mafuriko yakija unaiachia, kizuizi kinalala kando. Ukikaza kotekote, gogo moja linakata kamba na madumu yako yanakwenda Zanzibar bila tiketi. Kitolewe taka kila siku. Pampasi zilizolowa hazielei, hizo bado ni za koleo.

Kambare Mzee:
Sawa fundi, lakini ukishazitoa unaziweka wapi? Maana kuna mtu atajibu UKINGONI.

Bi Mkubwa wa Bondeni:
Mnahangaika na chupa, wanangu. Mvua ikinyesha watu wanatapisha vyoo. Shimo limejaa, gari la majitaka halipiti uchochoroni, mwenye nyumba anangojea wingu tu. Okoteni chupa zote, maji yatabaki yale yale. Vichochoroni kunatakiwa pampu ya mkono ya kunyonya shimo, mapipa yenye vifuniko na toroli. Hilo hakuna anayelipiga picha.

Mwana wa Dandora:
Nyinyi watu wa Dar mnalia juu ya lundo la siku nne? Huku Nairobi dampo la Dandora liko kando ya mto miaka na mikaka. Kwetu ukingo ndio dampo.

Chai ya Rangi:
Wakenya kila uzi lazima washinde. Hata wa uchafu.

Bi Mkubwa wa Bondeni:
Na mchicha wa bondeni je? Unamwagiliwa maji hayo hayo. Metali nzito ya maji machafu ikishaingia ndani ya jani huiondoi kwa kuosha, hata utie chumvi na siki.

Tope Bichi:
Kumbe ndiyo maana chipsi mayai haijawahi kuniangusha.

Kambare Mzee:
Jamani, uzi unahusu LUNDO. Ukingoni. Hatua mbili!

Mwana wa Dandora:
Fundi, hayo madumu ni ya mafuta ama ya maji?

Fundi Madumu:
Ya njano ya mafuta ya kula, plastiki yake nene. Yale mepesi jua linayapasua.

Chai ya Rangi:
Kariakoo yanakwenda bei gani sasa hivi?