Anthropolojia ya jamii inaelekea wapi siku hizi?

Swali: Wanajukwaa, naandaa pendekezo la utafiti wa uzamili katika anthropolojia ya jamii, yaani elimu ya maisha na tamaduni za watu. Je, bado inafaa kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu, kama mwanaanthropolojia Malinowski alivyofanya visiwani Trobriand, karibu na Papua, kati ya 1915 na 1918?

Jibu la 1: Inafaa, ndugu, ingawa tangu mwanaanthropolojia George Marcus alipoandika mwaka 1995 kuhusu utafiti wa maeneo mengi, wengi hufuata kitu kinakokwenda. Mwanaanthropolojia Anna Tsing, kwa mfano, alifuatilia uyoga wa matsutake kutoka misitu ya Oregon, Marekani, ambako wahamiaji wengi huuchuma, hadi Japani, ambako hutolewa kama zawadi ya thamani.

Jibu la 2: Naafiki, lakini usidharau ukaaji, hata anayechunguza makundi ya mtandaoni huhitaji miezi mingi ya kushiriki ndipo aelewe ukimya wa wanachama una maana gani.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nitafuatilia simu zilizotumika, nikianzia kwa mafundi wanaozifufua.