Viwanda vilazimishwe kuwafungulia watafiti mlango? Tujadili

FUNDI WA BOILA
Habari zenu wanajamvi. Nimehudumia boila, ule mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke, miaka 19 hapa Industrial Area, Nairobi, viwanda vinne. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ilikuja 2022, kanuni za kumbebesha mzalishaji mzigo wa taka zake zikafuata 2024. Sawa. Lakini kelele zote ni za kinachotoka langoni: chupa, mifuko, karatasi. Kinachopotea ndani ya ukuta nani anakipima?

Nitoe mfano. Mvuke ukishamaliza kazi kwenye mashine hugeuka maji, masafi karibu kama ya betri, tena ya moto. Kazi yake ni kurudi kwenye tangi la boila. Kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, bomba la kuyarudisha liliharibika, tukaambiwa tuyaelekeze mtaroni. Halafu tunanunua maji baridi, tunayachemsha upya. Ukipandisha joto la maji yanayoingia boila kwa nyuzi 6 tu, unaokoa takriban asilimia 1 ya mafuta. Sasa piga hesabu ya maji ya nyuzi 80 yanayomwagwa usiku na mchana. Niliandika barua mara tatu, ikawa kimya.

Swali langu: kila kiwanda kilazimishwe kufungulia watafiti lango, wawe wa KIRDI, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, au wa vyuo vikuu, wapime mvuke, maji na mabaki, na hesabu ziwekwe wazi? Mimi nasema ndiyo. Tafiti tulizo nazo ni za kabatini, za watu wasiowahi kuvaa ovaroli. Hata chokoraa wa jalala la Dandora anajua thamani ya taka kuliko meneja mwenye digrii mbili.

BINTI WA DANDORA
Nilikuwa nawe bega kwa bega mpaka hapo mwisho. Chokoraa ni nani? Mama yangu anaingia pale jalalani tangu nikiwa mgongoni. Ametusomesha watatu kwa gunia na ndoano. Anaamka saa tisa usiku awahi malori. Hilo jina tuliitwa shuleni hadi kaka yangu akaacha masomo. Omba msamaha kwanza, habari za mvuke baadaye.

FUNDI WA BOILA
Dada, nimewasifu. Soma tena.

BINTI WA DANDORA
Mtu hasifiwi kwa tusi.

MZEE WA KALOLENI
Vijana, tulieni. Kuchokora ni kuchimbachimba kwa kitu chenye ncha, hata meno huchokorwa. Neno lenyewe halina kosa. Kosa liliingia tulipoanza kuwaita watoto wa mitaani kwa jina hilo.

BINTI WA DANDORA
Mzee, shikamoo. Kwa heshima zote, wewe hujawahi kuitwa.

MENEJA UZALISHAJI
Mimi ndiye huyo meneja wa digrii mbili, na sitanyamaza. Fundi, bomba kama hilo ukitaka kulirekebisha unasimamisha laini nzima. Nikisimamisha laini siku mbili, vibarua 60 wanarudi nyumbani bila mshahara wa siku. Utawalipa wewe? Na hizo hesabu unazotaka ziwekwe wazi, mshindani wangu akijua natumia mafuta kiasi gani kwa kila tani, amejua bei ninayoweza kushuka nayo. Pimeni, lakini matokeo yabaki kwangu.

Na kwa nini hatuweki bomba jipya? Kwa sababu tuliliweka, likaibwa. Tukaweka tena, likaibwa tena. Liliishia wapi kama si kwenye hizo yadi za vyuma kuukuu?

YADI YA KARIOBANGI
Nimeona vyema! Kila kitu kikipotea Nairobi, kifuniko cha mtaro, waya wa stima, bomba la meneja, lazima kiwe kwangu. 2021 Rais Uhuru Kenyatta alipopiga marufuku biashara yetu nilikaa nyumbani na mzigo wa tani mbili nje unaota kutu. Watoto wangu hawakuiba waya wa mtu.

MZEE WA KALOLENI
Ilikuwa Januari 2022.

YADI YA KARIOBANGI
Asante mzee, 2022. Njaa haiangalii kalenda. Sasa sikilizeni. Kopo la aluminiamu ukiliyeyusha upya unatumia takriban asilimia 5 tu ya nguvu ambayo ingetumika kuitengeneza aluminiamu hiyo kutoka kwenye mawe yake. Tano! Huyo meneja anataka kujadili kubana matumizi na hapo hapo anamtukana mtu anayemuokolea asilimia 95. Kila mzigo ninaonunua ninaandika namba ya kitambulisho cha aliyeuleta. Bomba lako liliondoka na mtu mwenye ufunguo wa lango lako.

MENEJA UZALISHAJI
Unadai wafanyakazi wangu ni wezi?

YADI YA KARIOBANGI
Uliyeanza na wezi ni wewe.

MWANAMAABARA
Nimesoma kote na bado linaniuma lile la kwanza, "tafiti za kabatini". Fundi, ovaroli ninayo, na kovu la asidi mkononi ninalo. Unajua kwa nini tafiti zetu hukaa kabatini? Tunabisha kwenye viwanda, tunaambiwa meneja yuko mkutanoni. Mwanafunzi wangu wa uzamili alizunguka Barabara ya Lunga Lunga wiki sita akitafuta kiwanda kitakachomruhusu kupima mabaki ya vitambaa. Alipata kimoja, tena kwa sababu mjomba wake ni askari wa lango.

Tazameni Nzambi Matee, yule wa kabro, matofali ya kutandika chini, za plastiki na mchanga, aliyetunukiwa 2020 na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Uwiano wa mchanga na plastiki alikwenda kuusawazisha kwenye maabara za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Plastiki ni ya hapa, mchanga wa hapa, akili ya hapa. UNEP yenyewe makao yake yako Gigiri, matatu moja tu kutoka mjini. Kwa nini vipimo vivuke bahari? Hilo ndilo la kulia nalo, si kovu langu.

FUNDI WA BOILA
Basi tunasema kitu kimoja mimi nawe. Lango lifunguliwe kwa sheria.

MWANAMAABARA
Tunasema kimoja, ila futa "kabatini".

BINTI WA DANDORA
Na "chokoraa". Mwanamaabara amepewa sikio mara moja, mimi naongea tangu asubuhi.

MAMA WA MITUMBA GIKOMBA
Mimi nauliza tu, hizi kabro ni bei gani kwa mita? Nina kibaraza chenye matope.

MWANAMAABARA
Mama, sijui bei. Tulikuwa kwenye utafiti.

Niseme la taka zenyewe maana tumelisahau. Shida kubwa ya kuchakata plastiki ni mchanganyiko. Chupa ya maji ni plastiki aina ya PET, huyeyuka karibu nyuzi 250. Ikiingia hata chupa moja moja ya PVC, plastiki ya aina nyingine, katikati yake, ile PVC huanza kuungua kabla PET haijayeyuka, inatoa asidi, mzigo wote unageuka rangi na kukosa nguvu. Kwa hiyo pesa za utafiti zinunue mashine za kuchambua kwa mwanga. Bila hizo, tutaendelea kutengeneza ndoo dhaifu.

BINTI WA DANDORA
Mashine ya nini? Mama huigeuza chupa, anatazama tako. Ikiwa na chunusi katikati, inaenda gunia la PET. Ikiwa na mstari umekatiza, anaweka kando. Akiwa na shaka anaikunja, ikiacha alama nyeupe kwenye mkunjo anaitupa. Amefanya mbele yangu, kidole gumba kinapita kwenye tako la chupa kabla jicho halijafika. Hajui PET ni nini kwa Kizungu. Anajua broka anakataa gunia lenye ile ya mstari.

MWANAMAABARA
Hiyo chunusi ni mahali plastiki ilipoingilia kwenye kalibu. Mama yako yuko sahihi kabisa. Nimefundisha hilo darasani kwa picha. Naomba nije nimwone akifanya kazi.

BINTI WA DANDORA
Aje mtafiti, apige picha, aandike, apate shahada, mama abaki na gunia? Mtamlipa? Jina lake litaandikwa? Watu wa utafiti wamepita Dandora tangu niko mtoto. Jalala lilitangazwa kuwa limejaa 2001, mahakama ikaamuru lifungwe 2021, na mama alikuwa ndani asubuhi ya leo.

MENEJA UZALISHAJI
Kwa hiyo tumekubaliana kiwanda kisilazimishwe?

FUNDI WA BOILA
Nani amekubaliana? Dada wa Dandora, nimekosa. Neno nimelitoa, na mama yako nampa heshima yake. Mwanamaabara, nawe pia. Sasa turudi kwenye maji ya moto.

MKAZI WA MUKURU
Afadhali umeyataja. Nimesoma tangu mwanzo nikisema moyoni, hayo maji nayajua. Yanatokea chini ya ukuta, kwenye bomba lililokatwa, yanafuka. Sijui kama ni kiwanda chako, lakini ni yale yale. Tunapanga ndoo kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Maji ya mfereji tunanunua kwa mtungi na siku nyingine hayapo. Hayo ya moto ni ya bure, yanatoa mafuta ya nguo vizuri kuliko sabuni. Watafiti wakija wakipima, kiwanda kikifunga bomba na kuyarudisha ndani, mmeokoa mafuta ya meneja. Sisi tutafulia wapi?

FUNDI WA BOILA
Dada, hilo sikulifikiria, nakiri. Ila nikuonye. Boila nyingine hutiwa dawa za kuzuia kutu, na baadhi ya dawa hizo hupanda na mvuke. Yakiwa ya moto na masafi kwa macho si kwamba ni salama. Msinywe, na mtoto asiogeshwe nayo.

MKAZI WA MUKURU
Dawa gani? Nimefulia nepi za watoto wawili kwa maji hayo. Ni dawa gani, na inafanya nini kwenye ngozi? Usiniambie nije faraghani. Andika hapa hapa, wenzangu wa ile foleni ya ndoo wanasoma.