MD (digrii ya udaktari): Muhimbili au chuo cha binafsi?

Mtoto wa Ngamiani:
Wadau, mdogo wangu kamaliza form six hapa Tanga, PCB yake (fizikia, kemia, baiolojia) safi, anataka MD. Mzee anasema popote sawa ila mfuko ndo huu wa duka la nazi. Muhimbili ya serikali ada nafuu, ila kuna cha binafsi Dar wanasema wanafunzi wachache. Tushike kipi?

Dada Chumbageni:
Mi nakwambia uliza wodi kwanza. Muhimbili kesi ngumu za nchi nzima zinaishia pale, hilo ndo darasa lenyewe, ila raundi mnazunguka kitanda kimoja kundi zima, wa nyuma anaona mgongo wa mwenzie tu. Mvivu wa kusogea mbele atapotea.

Babu Raskazone:
KCMC Moshi mbona hamjaitaja? Chuo kiko hapohapo na hospitali ya rufaa, basi la Moshi linalopita Segera linakufikisha. Ada ipo juu kuliko Muhimbili lakini, na ni miaka 5, bado mwaka wa intern, yaani mafunzo ya kazi hospitalini. Pigeni hesabu ya chumba na msosi pia.

Dada Chumbageni:
Na mkopo wa bodi ya mikopo ya wanafunzi aombe, hata binafsi wanapata.

Mtoto wa Ngamiani:
Shukrani babu, Moshi mzee hakuifikiria kabisa.