Ocampo wa hii muvi ya Argentina ndo yule yule wetu wa Hague?

Barani_86
Salamu zenu wote. Nna swali na tafadhali msinicheke. Jumamosi stima ilipotea huku Barani, Malindi, tangu magharibi, laptopu ilikuwa na chaji na binamu yangu alikuwa amenijazia muvi kwa flashi, nkafungua moja imeandikwa Argentina, 1985 nkidhani ni ya mpira, mambo ya Maradona. Wapi! Nakutana na mzee wa miwani na masharubu, sigara haimtoki mdomoni, kumbe ndo kiongozi wa mashtaka anaitwa Strassera na amepewa kesi ya kuwashtaki majenerali waliopindua serikali 1976 wakawa wanateka watu usiku na kuwatesa na kuwapoteza. Kidogo niizime lakini stima yenyewe hairudi nkaendelea tu.

Sasa anatokea msaidizi wake, kijana mtanashati, jina Luis Moreno Ocampo. Nkasimamisha. Nkarudisha nyuma nkasoma tena. Hili jina mimi nalijua, Desemba 2010 nilikuwa nimeketi kwa kinyozi nikiwa nusu kichwa kimenyolewa na jamaa akaweka mashine chini kusikiliza redio Ocampo, kiongozi wa mashtaka wa mahakama ya Hague, akitaja wale Wakenya sita wa ghasia za uchaguzi, nkakaa pale na nusu kichwa kama saa nzima.

Ni yeye kweli ama ni jina tu? Na kama ni yeye mbona kule aliwafunga majenerali wazima na sisi kesi zote zikayeyuka?

fundi_wa_maweni
Ndo yeye bro, hajabadilishwa hata herufi. Amezaliwa 1952 kwa iyo kesi inaanza Aprili 1985 alikuwa 32, ndo kwanza kesi yake kubwa. Muvi imepamba hapa na pale lakini mifupa yake ni ya kweli. Mashahidi zaidi ya 800, washtakiwa 9, na hukumu ya Desemba 9 mwaka uo uo ilikuta 5 na hatia. Videla na Massera maisha, Viola miaka 17, wengine wawili wakapata midogo, wanne wakaenda nyumbani. Kwa iyo hata kule "kuwafunga majenerali wazima" si wote.

Kitu watu wengi hawakioni kwa ile muvi kwa sababu inapita haraka: kesi ilianza kupelekwa kwa mahakama ya jeshi. Yaani wanajeshi wajihukumu. Kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Wakaizungusha weee mpaka mahakama ya raia ikawanyang'anya.

Swali lako la pili sasa. Wale majenerali 1985 walikuwa washaanguka. Uchumi wameuharibu, 1982 wakaenda kuvamia visiwa vya Falklands wakapigwa na Uingereza, 1983 wananchi wakapiga kura akaingia Alfonsín. Unamshtaki mtu hana kiti. Huku kwetu watuhumiwa waligombea wakashinda wakaingia Ikulu kesi ikiendelea, shahidi gani atasimama? Na kesi ya mwisho 2016 jaji mmoja aliandika wazi kwamba mashahidi waliingiliwa na siasa ziliingizwa, wakaivunja bila kusema fulani ana hatia wala hana.

mwana_wa_ngomeni
Fundi usimtetee sana Ocampo. Yeye mwenyewe alikaa huko Hague akangoja kuletewa. Ripoti ya tume ya Waki kuhusu zile ghasia ilikuwa tayari, bahasha ya majina alipewa na Kofi Annan 2009, akaona kazi imekwisha.

fundi_wa_maweni
Lakini hata Strassera alianzia na ripoti ya tume bana, ile ya CONADEP ilikuwa na majina 8,961 ya waliopotea (na watu wa haki za binadamu kule wanakwambia ni 30,000). Tofauti ni kwamba wale vijana wake walipanda magari wakawaendea watu majumbani, mikoani, na mtu anatoa ushahidi nchini kwao kwa lugha yake mbele ya jaji wa kwao. Sisi mtu wa Kiambaa, kule kanisa lilikochomwa na watu ndani, apandishwe ndege ajifiche Ulaya. Hapo nakubali kazi ya uchunguzi ilikuwa nyepesi, ila si uvivu peke yake.

bi_mkunga
Wanangu nyinyi mwabishana na mahakama, hamna hata mmoja aliyemtaja yule mama?

Mimi nimezalisha hapa Malindi miaka mingi, na muvi hii nliletewa na binti yangu, nkaizima mara mbili nkairudia. Yule shahidi Adriana Calvo, mtu wa kweli si wa kubuni. Alitekwa ana mimba. Uchungu ukamshika ndani ya gari la polisi, mikono imefungwa, macho yamefungwa, akazaa kwa kiti cha nyuma na mtoto akaning'inia kwa kitovu na anawaomba wampe amshike na gari linaenda tu. Alafu kufika, uchi vile vile, damu yake mwenyewe akapewa adeki sakafu. Na muvi haikuonyeshi lolote la hayo. Haikurudishi nyuma kwa lile gari. Mwanamke ameketi kwa kiti, anasema, basi. Mimi nliona lile gari lote. Alisema aliapa mtoto akiishi atapigania haki maisha yake yote, na mtoto aliishi.

Na mamake Ocampo! Mama wa watu wa jeshi, anasali kanisa moja na Videla, mwanawe hamsikilizi kabisa. Baada ya kumsikia yule mama ndo akampigia mwanawe simu akamwambia yule mtu afungwe. Hio Ocampo mwenyewe amewahi kuisimulia, si ya waandishi wa muvi.

Sikufurahi na kitu kimoja. Wale kina mama wa Plaza de Mayo, wenye leso nyeupe kichwani, wameonyeshwa kidogo tu wakiombwa wazivue kortini. Zile leso zilianza na nepi za kitambaa za watoto wao. Walikuwa wanazunguka ule uwanja kila Alhamisi tangu 1977 wakati hao mawakili wote wamefyata mikia, huyo Strassera akiwemo. Kama kuna mtu wa kupewa muvi ni wao.

kempes_wa_shela
Barani ulikuwa watafuta mpira, mpira upo 😂 Kombe la dunia 1978 lilichezwa Argentina hao hao wanajeshi wakiwa madarakani, fainali Argentina 3 Uholanzi 1, Kempes mawili. Uwanja wa River Plate hauko mbali na ESMA, chuo cha wanamaji kilichogeuzwa pahali pa mateso. Wafungwa walisikia magoli. Babangu ana hadithi za ile timu mpaka leo na hili sijawahi kumsikia akilitaja.

nahodha_wa_langoni
Asalaam aleikum. Mimi niko Amu, nimeitizama yana kwa sababu ya uzi huu. Nzuri, sikatai. Lakini yaisha mapema mno. Watu wakumbatiana, wapiga makofi, hotuba ya mwisho ile "Isirudi tena", kwisha. Hawakuonyeshi kuwa 1986 na 1987 zilipitishwa sheria za kufunga mashtaka, na 1990 rais Menem akampa Videla msamaha akatoka jela. Miaka mitano tu! Zikaja kufutwa 2003, mahakama kuu ikatia muhuri 2005, ndipo kesi zikafufuka. Videla amekufa 2013 na amefia jela. Hiyo ndiyo hadithi, na ni refu kuliko muvi.

Na lililonikaa mimi ni la bahari. Pale ESMA walikuwa wakidungwa sindano ya kulala, wapakiwe ndegeni, watupwe maini wakiwa hai. Nimevua tangu utoto, na mtu akizama huku kwetu twajua pepo ikigeuka tukangoje wapi. Wale walitupa Disemba 1977, bahari ikawatoa wengine ufuoni, wakazikwa kimya bila majina. Mmoja alikuwa Azucena Villaflor, ndiye aloanzisha wale kina mama wa bi mkunga. Mifupa yake ilijulikana 2005 kwa DNA. Miaka 28. Nyinyi wa Malindi mumeona wenyewe kungoja DNA ni nini, baada ya Shakahola, watu waketi nje ya mochari miezi na miezi hata kikaratasi hawana. Basi zidisha.

Ile ESMA sasa ni makumbusho, iliingizwa orodha ya UNESCO 2023, ndiyo hiyo hiyo ya mji wetu tangu 2001. Ngome yetu pia ilikuwa jela mpaka 1984 na leo watoto huenda kusoma vitabu. Lakini ukiingia pale hukuti ukuta wenye majina ya waliofungwa. Wenzetu wameyaandika.

mwana_wa_ngomeni
Nahodha umenifunga mdomo. Ila hapa hatujatawaliwa na jeshi, walijaribu Agosti 1982 wakashindwa.

nahodha_wa_langoni
Hawakutawala, naam. Nao walioteswa chini ya Nyayo House walikuwa wameshikwa na jeshi gani mwanangu?

Barani_86
Sikutegemea swali la nusu kichwa lifike huku. Bi mkunga nmeirudia ile sehemu ya gari jana usiku na nmekuelewa, mara ya kwanza nilikuwa naangalia simu.

Kuna mtu ana kopi yenye maandishi ya Kiswahili? Yangu ni Kispanyola na maandishi ya Kiingereza yanapita mbio na mamangu macho hayamudu. Nataka aione.

bi_mkunga
Hakuna. Keti nae umsomee, mimi binti yangu alinifanyia ivo.

kempes_wa_shela
Ikiisha hio flashi mtume na basi la asubuhi, kuna kondakta namjua atanishukia nayo Mokowe. Babangu na yeye aone.

Barani_86
Flashi si yangu ni ya binamu, kwanza hajui kama bado iko kwangu mpaka leo 😂 ngoja nimuulize