Msimu mpya tena, GB zimekwenda, cheo kimeporomoka: hawa jamaa wa PUBG Mobile wanatuonaje huku Nyanda za Juu?

Kamwene wa Iringa, ugonile wa Mbeya, na nyie wa Njombe, Songwe na Rukwa salamu ziwafikie. Uzi ni mrefu na una hasira. Asiyecheza magemu apite tu kimya kimya.

Hoja ni moja. PUBG Mobile, gemu la simu la kupigana risasi hadi abaki wa mwisho, linaitwa la bure, lakini kila baada ya miezi miwili hivi unalilipia upya kwa bando, na ukishamaliza kulipia unashushwa cheo. Halafu mtu anakuja hapa kusema "wachezaji wa Mbeya mnalalamika sana". Ngoja tupige hesabu kwanza.

Mechi nzima kwenye ramani kuu ya Erangel, dakika 25 hadi 30, inakula makumi machache tu ya MB. Sababu ni kwamba kinachosafiri hewani ni namba: uko wapi, unatazama wapi, umefyatua au hujafyatua. Nyumba, nyasi, magari na bunduki zote zimeshahifadhiwa ndani ya simu. Tuseme mechi ni MB 30. GB 1 inakupa mechi zaidi ya 30, yaani zaidi ya saa 12 za kucheza. Kwa hiyo gemu lenyewe siyo mlafi. Mlafi ni msimu. Apdeti ikitoka, unavuta faili kuu kutoka Play Store, ukilifungua linakuambia bado kuna nyongeza, ukiingia lobi (ukumbi wa kusubiria mechi) unakuta ramani zinataka zao, modi mpya (aina ya mchezo) inataka yake, na mavazi ya wenzako yanataka yao ili uyaone. Mwenye kifurushi cha GB 1 cha saa 24 kinamwishia akiwa bado lobi, hajashika hata kikaango.

Na nafasi kwenye simu je? Simu zinazouzwa sana pale Mwanjelwa na Kabwe ni za GB 32 au 64. Hiyo 32 ya kwenye boksi usiiamini, mfumo wa Android wenyewe umeshameza sehemu kubwa, magrupu ya WhatsApp yamemeza nyingine. Play Store nayo ikipakua toleo jipya, la zamani linabaki hadi jipya liwe tayari, kwa hiyo unahitaji nafasi ya ziada kwa muda huo. Hapo ndipo watu wanapofuta gemu zima ili walipakue upya. NA HAPO NDIPO AKAUNTI ZA "MGENI" ZINAPOFIA. Akaunti ya mgeni imefungwa kwenye simu, haijulikani popote pengine. Kabla ya kufuta chochote, ingia mipangilio, iunganishe na barua pepe au akaunti ya mtandao wa kijamii, toka, ingia tena uhakikishe imeshika. Ndiyo ufute.

Sasa njoo kwenye skwadi. Wenye toleo jipya na wenye toleo la zamani hawawezi kucheza pamoja. Skwadi ni ya watu 4: mmoja yuko mtaa wa Forest ana Wi-Fi ya nyumbani, ameshapakua siku ya kwanza, wawili wako Uyole wanasubiri bando la usiku, wa nne yuko Tukuyu, milima na mvua, mtandao unapanda na kushuka kama homa. Hiyo skwadi imevunjika kwa wiki nzima bila mtu kukosea. Juu yake wanaweka zawadi kwa atakayesasisha ndani ya siku chache za mwanzo. Yaani aliyechelewa kwa kukosa bando anaadhibiwa mara mbili.

Cheo ndiyo kinachouma zaidi, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Ngazi zinapanda kwa pointi 500: Bronze inaanza 1200, Silver 1700, Gold 2200, Platinum 2700, Diamond 3200, Crown 3700, Ace 4200. Conqueror siyo pointi tu, ni kuwa ndani ya watu 500 wa juu kwenye seva yako (kompyuta za mbali zinazoendesha mechi za eneo lako). Msimu ukifungwa, unarudishwa chini ngazi kadhaa. Chukua mtu aliyeangukia mwanzo wa Platinum anayetaka kurudi Ace: pointi 1500. Akijitahidi apate wastani wa pointi 15 kwa mechi, hizo ni mechi 100. Kwa dakika 25 kila moja, ni saa 41 na ushee. Afanye hivyo ndani ya siku 60, na akimaliza, wanamshusha tena. Hii ni kazi ya kufyeka shamba ambalo magugu yamewekwa kwenye ratiba.

Najua kwa nini wanashusha. Wasiposhusha, baada ya mwaka wote wanajazana juu na mechi za chini zinabaki na roboti tupu. Sawa, hoja inaeleweka. Lakini angalia matokeo yake: wiki ya kwanza ya msimu, wakali wote wako Gold na Platinum pamoja na wanaojifunza. Mgeni anatua mji wa Pochinki, sekunde 40 ameshalala. Ndiyo maana ushauri wa siku zote ni huu: wiki ya kwanza usicheze ranki (mechi za kuwania cheo) peke yako, cheza mechi za kawaida, acha mabingwa wapande waondoke. Mtengeneza gemu angeweza kutenganisha watu kwa kumbukumbu ya cheo cha msimu uliopita. Taarifa anazo zote.

Pasi, ile tiketi ya kulipia inayofungua zawadi za msimu. Hili wengi mlilipitisha bila kelele. Hadi katikati ya 2021, Royale Pass ya kawaida ilikuwa UC 600 (UC ni sarafu ya ndani ya gemu, unainunua kwa pesa), ngazi 100, miezi miwili. Julai 2021 wakaikata ikawa ya mwezi: UC 360, ngazi 50. Jumlisha miezi miwili: 720. Ngazi zilikuwa zilezile 100, bei ilikuwa imepanda asilimia 20, na wakaisifia kwamba sasa ni nafuu! Mama muuza viazi Makambako akipunguza ndoo akaacha bei ileile utamshitakia kijiji kizima, huku tulipiga makofi.

Kuhusu modi za msimu, mimi siyo adui wa mabadiliko. Ramani ya Livik ilipokuja 2020, kilomita 2 kwa 2, watu 52, mechi fupi, ilikuwa zawadi kwa wenye simu dhaifu na bando dogo. Hiyo ni apdeti yenye akili: imeongeza kitu na imepunguza gharama. Ila Julai 2023 wakaleta katuni ya Dragon Ball, mtu amejipanga na bunduki ya M416 na lensi ya 6x, anatokea jamaa anarusha miale kutoka viganjani. Kabla ya hapo, 2021, Godzilla alikuwa anatembea juu ya Erangel. Wiki mbili inachekesha. Baadaye ni mzigo kwenye simu, kwa sababu mafaili ya modi iliyokwisha yanaweza kubaki mpaka uyafute kwa mkono wako.

Na siyo PUBG pekee, tusije tukaonekana tuna chuki. Fortnite, gemu jingine la aina hiihii, ndiyo waliofundisha dunia huu mchezo wa misimu. Desemba 2018 waliingiza upanga wa Infinity Blade, ukaharibu mechi, wakauondoa baada ya siku 3. Tarehe 13 Oktoba 2019 walizima ramani nzima, wachezaji wakabaki wanatazama shimo jeusi kwa karibu siku 2, kisha ikaja ramani mpya. Lakini ona: Novemba 2023 waliporudisha ramani ya zamani, waliingia watu milioni 44.7 siku moja. Sasa nani aliwaambia kwamba mchezaji anachoka na kilekile kila baada ya wiki 10? Tofauti nyingine ni kwamba Fortnite wakiona kitu kimeharibika wanakiondoa haraka. Huku kwetu PUBG bunduki inapunguzwa nguvu, maelezo ya toleo yanasema "tumeboresha uwiano", basi. Imepunguzwa kwa kiasi gani? Kwenye umbali gani? Mtikisiko wa wima au wa pembeni? Kaa ukisie.

Halafu seva. Kwenye nyaya za mwanga, taarifa husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kila kilomita 1,000 ni milisekunde 10 kwenda na kurudi. Mbeya hadi Dar kwa barabara ni kama kilomita 830, kwa hiyo 8 tu, Dar siyo tatizo. Tuseme seva iko Dubai: Dar hadi kule ni karibu kilomita 4,000 kwa mstari ulionyooka, milisekunde 40. Ikiwa Frankfurt, karibu 7,000, yaani 70. Hiyo ni hesabu ya fizikia, bado hujaweka mizunguko ya nyaya za baharini, msongamano wa mnara wa mtaani kwako saa 2 usiku, na 4G inayoshuka ghafla kuwa 3G. Ndiyo maana kwa huku jaribu seva ya Mashariki ya Kati kwanza, ndipo Ulaya. Asia achana nayo. Kinachochoma moyo ni kwamba mkongo wa taifa unapita hapahapa kwetu kwenda Tunduma na Kasumulu, tunaupungia mkono. Na nyaya za baharini zikikatika kama Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM kwa mpigo, saa ya msimu inaendelea kuhesabu na misheni za wiki zinapita.

Mpaka watakapotusikia, fanyeni hivi.

Fungua Play Store, nenda ukurasa wa gemu, bonyeza vidoti vitatu juu kulia, ondoa tiki ya kujisasisha. Bila hivyo linaweza kusasishwa siku usiyotaka. Apdeti ikitoka subiri siku 2 au 3, kwa sababu marekebisho madogo hufuata na utajikuta unavuta mara mbili (zawadi ya kuwahi utaangalia mwenyewe kama inalingana na bando lako). Kabla ya kupakua, ingia sehemu ya vipakuliwa ndani ya gemu, futa ramani usizocheza na modi zilizokwisha. Bakiza Erangel na Livik. Mavazi na picha za ubora wa juu usiziguse, wenzako watavaa mavazi ya kawaida machoni pako na hakuna atakayekufa.

Mkiwa mtaa mmoja, apakue mmoja. Play Store ina sehemu ya kushiriki programu kati ya simu na simu bila bando, iko kwenye usimamizi wa programu. Hiyo inapitisha programu yenyewe tu. Nyongeza zinakaa kwenye folda ya Android/data/com.tencent.ig, na tangu Android 11 programu za kutumiana mafaili zimezuiwa kuigusa. Ndiyo maana Xender siku hizi inapeleka gemu lakini mwenzako akilifungua linaanza kupakua upya. Njia ni kompyuta na waya wa USB: nakili folda kutoka simu ya kwanza, iweke kwenye ya pili, matoleo yawe sawasawa kabisa. Yakipishana, linayakataa na kuvuta yote. Likigoma kufunguka, kwenye ukurasa wa kuingia kuna kitufe cha kurekebisha mafaili, anza na hicho kabla ya kufuta gemu.

Mechi za kwanza baada ya apdeti picha hukwama hata kwenye simu nzuri, kwa sababu simu inaandaa upya namna ya kuchora vivuli na mwanga. Ingia uwanja wa mazoezi dakika 10, piga bunduki zote, endesha gari, tupa moshi. Ndipo uende ranki.

NYONGEZA, kuwajibu wa chini:

Mkuu wa Kihesa uliyesema VPN inashusha pingi (muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi): mara nyingi inaongeza safari, siyo kuipunguza. Inasaidia pale tu kampuni yako ya simu inapopitisha njia ya mzunguko. Pima siku tatu bila VPN na siku tatu ukiwa nayo, saa zilezile, kisha urudi na namba.

Dogo wa Iyunga unayeuliza wauza UC wa bei poa: muuzaji halali anahitaji namba yako ya mchezaji tu. Akiomba nenosiri, mkimbie. Na hata asipoomba, bei ikiwa chini mno jiulize kadi ni ya nani. Malipo yakirudishwa kwa mwenye kadi, UC zako zinakwenda chini ya sifuri, na deni ni lako.

Na wewe uliyesema "si mhamie tu eFootball", lile gemu la mpira: na yenyewe ina misimu. Fungua uzi wako, tutakuja.