Tupeane uzoefu: kumsaidia mgonjwa aache tumbaku akiwa bado mikononi mwetu

Ndugu zangu mnaohudumu wodini, kliniki na kwenye maduka ya dawa, pamoja nanyi mliowahi kuuguzwa mkiwa wavutaji, naomba tupeane uzoefu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya ndani, na ninachokiona mara nyingi ni kwamba swali la tumbaku huulizwa siku ya kulazwa, jibu likaandikwa kwenye faili, kisha hakuna anayelirudia. Mgonjwa anakaa kitandani bila sigara, mikono haitulii, usingizi haumjii, anagombana na kila amkaribiaye, nasi tunamwita mkorofi ilhali hiyo ni arosto ya nikotini, yaani mateso ya mwili unaodai kile kilevi cha tumbaku uliochokizoea, ambayo huwa kali zaidi katika wiki ya kwanza na ina dawa. Siku hizi namwuliza pia huwasha sigara ya kwanza muda gani baada ya kuamka, kwa sababu anayeiwasha ndani ya nusu saa kwa kawaida uraibu wake ni mzito, na huyo namwombea kwa daktari mapema kiraka cha nikotini, kile kinachobandikwa kwenye ngozi, kabla hajaanza kutoroka wodini. Ninyi mnafanyaje?

Mfamasia: Ahsante kwa kuleta mada. Wengi wanaorudi wakilalamika kwamba ubani wa nikotini hauwafai wameutafuna mfululizo kama pipi, wakapata kwikwi na kiungulia. Mimi huwaelekeza pale pale dirishani: utafune taratibu mpaka uhisi unawasha, ubane kati ya shavu na ufizi, mwasho ukipungua utafune tena, na usinywe kahawa wala soda katika robo saa inayotangulia, kwani tindikali huzuia nikotini kufyonzwa mdomoni. Ubani na viraka vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na bupropioni na vareniklini, vidonge vya kusaidia kuacha kuvuta, ziliongezwa 2021, kwa hiyo zisipokuwepo tuna haki ya kuzidai.

Tabibu, afya ya akili: Naongeza tahadhari moja. Moshi wa sigara huharakisha ini kuvunja klozapini, dawa ya ugonjwa mkali wa akili, hivyo mgonjwa akiacha kuvuta ghafla kiwango cha dawa mwilini hupanda. Mwacheni aache, ila dozi ikaguliwe.

Niliyewahi kulazwa: Nililazwa kwa ajili ya moyo. Daktari aliniambia kwamba nikiendelea kuvuta nitakufa, nikanyamaza, na siku niliyoruhusiwa nikavuta. Nilipolazwa tena, dada mmoja muuguzi alivuta kiti akaniuliza, "Baba, sigara ipi itakuwa ngumu zaidi kuiacha?" Nikamjibu ni ile ya baada ya chakula cha usiku, naye akanisaidia kupanga nitakachofanya saa hiyo hiyo. Nikiwa nyumbani alinipigia simu, akaendelea kunipigia hata baada ya mwezi kupita. Nilipoteleza nikamweleza kwa aibu, hakunikaripia. Aliuliza ilikuwaje, kisha akaniambia tuendelee.

Mleta mada: Baba, umegusa penyewe. Tafiti kuhusu waliolazwa zinaonyesha kwamba ushauri unaoanzia wodini huzaa matunda ukiendelezwa angalau mwezi mmoja baada ya mgonjwa kuruhusiwa, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Wenzangu, kwenu ni nani aliyekabidhiwa kupiga simu hizo, na anatengewa muda gani wa kuzipiga?